Mwani Unaovuta Balaa

Mama Mkubwa hauzi kitu asichokionja. Akishapima unga wa tangawizi au wa mlonge, kabla hajaufunga kwenye gazeti huchota kidogo kwa ncha ya kijiko, akauweka ulimini mbele ya mteja, akameza, ndipo akafunga. Anasema kwao walilelewa hivyo: anayekupa dawa lazima aanze yeye, ili ukimwona bado amesimama ujue na wewe utasimama. Nilikuwa namtania kwamba siku atakapouza sumu ya panya tutamzika. Yeye anacheka na kusema afadhali azikwe yeye kuliko mteja.

Ni dada mkubwa wa mama yangu. Nilikuja kwake Kariakoo kutoka kusini nianze kidato cha kwanza, na tangu hapo sikuondoka. Tunakaa vyumba viwili ghorofa ya pili, chini kuna maduka ya vitenge, na yeye ana meza yake pale barazani: hiliki, mdalasini, habasoda, na mwani. Mwani ndio fahari yake. Ujana wake wote aliulima huko kwetu, maji kiunoni, akifunga vipando kwenye kamba moja baada ya nyingine. Ndugu zake wanamtumia mpaka leo, ule wa kahawia, mnene. Anausaga na kuuza unga. Siku hizi watu wamesikia kwenye simu zao kwamba mwani unatibu kila kitu isipokuwa umbea, kwa hiyo mezani kwake haukai.

Kazi yangu nayo ilikuwa ya mwani, ila mwani wa namna nyingine kabisa. Nilikuwa msaidizi wa maabara, wa mkataba wa kuungaunga, kwenye mradi uliotaka kujua bahari yetu hapa mjini imechafuka kiasi gani. Mtu asiyejua atauliza, si mchote maji mpime? Nami niliuliza hivyo siku ya kwanza. Msimamizi wangu, mama mmoja mpole aliyesoma mpaka macho yakamchoka, akaniambia maji ni mgeni. Uchafu ukimwagwa asubuhi, jioni bahari imeshauchukua, na wewe ukija kesho yake na chupa yako utakuta maji yanakuchekea. Mwani ni mwenyeji. Umeshikilia jiwe lake miezi na miezi, na kila kinachopita unakivuta na kukiweka mwilini. Ukitaka kujua nani kapita hapo, muulize mwenyeji.

Basi mara mbili kwa mwezi, maji yakitoka sana, nilipanda pantoni pale Magogoni nikavuka kwenda Kigamboni. Huko nilichuma mwani wa kijani, mwembamba, laini kama mfuko wa rambo uliolowa, ule unaoota kwenye mawe. Nikirudi upande wa mjini nilichuma wa ufukweni, halafu nikamalizia kwenye mdomo wa mtaro mmoja ambao sitautaja, maana mitaro ni mingi na yote ni ndugu. Wa Kigamboni niliutia kwenye mfuko mweupe, wa ufukweni mfuko wa bluu, wa mtaroni mfuko mwekundu. Ndani ya kila mfuko niliweka kikaratasi: mahali, tarehe, jina la aliyechuma. Niliandika kwa penseli, kwa sababu wino ukilowa unakimbia.

Pale maabara tulikuwa na lugha yetu. Mwani uliochumwa mahali safi tuliuita "mkimya", kwa sababu ukiuingiza kwenye mashine hausemi kitu. Ule wa mtaroni ulikuwa na risasi, na risasi ninayosema si ya bunduki, ni ile ya kwenye betri za magari na rangi za zamani. Ulikuwa na shaba pia na vinginevyo. Huo tuliuita "mzuri". Msimamizi aliniambia mara nyingi, "Leo umeleta mwani mzuri kweli," na mimi nilivimba kichwa. Kadiri mahali palivyooza, ndivyo mwani wangu ulivyokuwa mzuri. Niliizoea lugha hiyo hadi nikasahau kwamba watu wengine hawaisemi.

Kisha oveni ya kukaushia ikafa. Ilisubiri kipuri ambacho, kama vipuri vyote, kilikuwa njiani. Msimamizi akaniambia nianike nyumbani, kivulini, mahali pasipo na vumbi. Mahali pasipo na vumbi Kariakoo ni ndani ya kabati. Nilining'iniza vyandarua vitatu vya zamani chumbani kwangu, nikafunga dirisha, nikawasha feni, nikaanika huko. Chumba kikanuka pwani wiki nzima. Mama Mkubwa aliingia kila saa kugeuza, bila kuombwa, kwa vidole vile vinavyojua mwani kuliko mimi na diploma yangu. Alifurahi, nadhani. Miaka yote alikuwa hajui vizuri ninafanya kazi gani, na sasa kazi ilikuwa imemfuata chumbani.

Maabara ilihitaji kiasi kidogo tu kutoka kila mfuko. Kilichobaki nilitakiwa kukirudisha, kwa sababu kulikuwa na pipa maalumu la taka za namna ile. Sikurudisha. Nilichukua kilichotakiwa pamoja na kile kikaratasi, nikakitia kwenye kifuko kidogo cha rangi ileile, mabaki nikayasukumia chini ya kitanda, kila rangi na mfuko wake. Pale nyumbani rangi hizo zilikuwa na maana kichwani mwangu mimi peke yangu. Nilijiambia nitayapeleka wiki ijayo, na wiki ijayo ni mahali pangu pa kuhifadhia mambo mengi.

Asubuhi moja mwenzangu wa kwenye mashine alinipigia kuuliza aanze na sampuli ipi. Nilikuwa navaa viatu. Nikamjibu kwa sauti kubwa, kama ninavyozungumza kwenye simu siku zote, "Oya, anza na ule wa mfuko mwekundu. Ule ndo mzuri kuliko yote. Unavuta balaa."

Mama Mkubwa alikuwa mlangoni na ungo wa hiliki.

Kwa mtu wa rika langu hapa Bongo, kitu kikivuta balaa maana yake kinavuta sana, basi. Mziki balaa, jua balaa, foleni balaa. Lakini Mama Mkubwa amepita miaka sitini, na kwake balaa ni balaa. Ni lile jambo linalomwingia mtu mwilini au nyumbani mwake, na ambalo lisipovutwa likatoka halimwachi. Alisikia kwamba wataalamu wa mwanawe wamekaa na mashine zao wakagundua mwani unaovuta balaa. Mwani ule wa kijani anaufahamu toka zamani. Huko shambani ulikuwa kero, uliganda kwenye kamba zao, wakaubandua na kuutupa. Baadaye aliniambia kwamba siku ile alijisikia mjinga: maisha yake yote alikuwa anatupa dawa na kupanda majani.

Hakuiba. Hili nataka lieleweke. Aliniuliza jioni ileile, "Mwanangu, ule uliobaki kwenye mfuko mwekundu bado unauhitaji?" Mimi nilikuwa naangalia mpira kwenye simu, watani wa jadi wanacheza, dakika za mwisho. Nikasema, "Hapana mama, chukua tu." Nikijitetea husema nilidhani anataka mfuko. Lakini hakusema mfuko.

Sasa nimwingize Mwalimu, maana bila yeye haya yangebaki kuwa uzembe wa kawaida. Alinifundisha kemia sekondari. Ni mama wa Kihindu, mzaliwa wa hapahapa Dar, na Kiswahili chake ni kile cha ubaoni, kila neno limenyooka. Alistaafu zamani. Anakaa Upanga, ghorofa ya tatu, peke yake na vitabu vyake na miungu yake kwenye kabati dogo sebuleni. Yeye ndiye aliyeona mtoto wa kusini anayekaa nyuma ya darasa anaweza kitu. Alinikalisha baada ya vipindi, bure, mwaka mzima, na nikifika nilikuta sahani ya chapati imefunikwa, kwa sababu alisema kemia haiingii kwenye tumbo tupu. Alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka ikatukera: kitu kisicho na lebo ni sumu mpaka kithibitishwe vinginevyo. Ukiacha hata bika la maji bila lebo mezani, alilimwaga mbele yako na kukuanzisha upya.

Mwalimu hali nyama wala samaki. Daktari wake alipomwambia mifupa imekonda, mimi ndiye niliyempeleka kwenye meza ya Mama Mkubwa, akanunua unga wa mwani. "Mimi sili samaki," alisema, "basi huyu ndiye samaki wangu." Wakapendana, wale wanawake wawili. Kwa muda alikuwa anakuja mwenyewe kila mwezi, polepole, wanakaa barazani wanazungumza habari za magoti. Magoti yenyewe yalipogoma kushuka ngazi, nikawa tarishi. Jumamosi asubuhi nilipewa kifurushi cha gazeti, nikapita viwanja vya Mnazi Mmoja, nikamfikishia, nikapewa chai ya tangawizi, nikarudi.

Vifurushi vitatu nilivipeleka hivyo. Sikufungua hata kimoja, kwa nini nifungue?

Siku ya kifurushi cha nne Mwalimu alikuwa jikoni. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba, ingia huku huku." Alikuwa ameandaa chupa ya jemu ili aongeze kipya juu ya kilichobaki. Chupa ilikuwa dirishani, jua limeipiga, na ndani yake unga ulikuwa wa kijani.

Niliutazama unga ule na nikajua palepale. Sikuhitaji mashine. Wa Mama Mkubwa ni wa kahawia, kama ugoro. Ule ulikuwa wa kijani kibichi, na kijani kile nilikuwa nimekichuma kwa mikono yangu nikiwa nimevaa glovu kwa sababu sikutaka kinishike.

"Huu mpya ni tofauti," Mwalimu alisema, akikoroga kijiko kimoja kwenye mtindi. "Mama yako ameniandikia salamu kwamba unavuta balaa." Akacheka kidogo. "Sina uhakika na balaa, lakini napenda rangi. Umeota wapi?"

Swali lake lilikuwa la mwalimu tu. Angeuliza hivyohivyo kuhusu nyanya. Nilikuwa na sekunde mbili. Ningeweza kusema, Mwalimu, weka chini hicho kijiko. Maneno matano. Badala yake niliona uso wake utakavyobadilika. Niliona vile vikaratasi nilivyovitoa kwenye mifuko, na mtoto yule wa nyuma ya darasa aliyefundishwa bure akageuka kuwa mtu wa kulisha watu taka za mtaroni. Niliona aibu. Nimelitafuta neno jingine zuri zaidi kuliko hilo, sijalipata.

"Kigamboni," nikasema.

"Vizuri. Basi niandikie lebo, maana hii chupa haina."

Akavuta droo akanipa karatasi ya gundi na penseli. Penseli, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha habari ya wino. Nikaandika: Mwani. Kigamboni. Akaangalia akasema, "Na aliyechuma?" Nikaandika jina langu. Akaibandika kwenye chupa, akaipapasa kwa dole gumba ikashika, akala mtindi wake mbele yangu, taratibu, huku akiniuliza kama msimamizi wangu ananitendea vyema. Nilijibu kila swali.

Nilirudi Kariakoo karibu nikikimbia. Nilivuta mfuko mwekundu kutoka jikoni alikouweka Mama Mkubwa, na ndani mlikuwa na gao moja tu. Nikamwambia umeshika kuvu, usiuuze tena, nami nitautupa. Alisikitika. Alisema watu wanausifu. Hata hapo sikusema kweli, nilisema kuvu. Ukishadanganya mara moja mdomo unazoea, kama mlango mbovu uliokwisha kusukumwa.

Nikajipangia mpango wa kijanja. Nitampelekea Mwalimu ule wa kahawia, nitabadilisha chupa, mambo yataisha bila mtu kuumia zaidi na bila mtu kujua. Jumatatu jioni nilikuwa mlangoni kwake na kifurushi. Nikasema Mama Mkubwa ametuma huu, ni bora kuliko ule wa kijani, nipe ule nikautupe.

"Kwa nini kutupa?" Mwalimu alishangaa. Ni mtu anayekunja mifuko ya zawadi na kuitunza. "Nimalize kwanza huu. Nimeuzoea." Halafu akaongeza, kama anavyomsifu mwanafunzi, "Na huu ndio wenye lebo."

Niliondoka. Naandika hivi na bado siamini kwamba niliondoka, lakini nilishuka zile ngazi zote tatu kwa miguu yangu. Kilichomzuia kuubadilisha ni mwandiko wangu mwenyewe. Ningeweza kurudi juu. Nilisimama chini ya jengo, bajaji zinapita, nikajiambia nitarudi kesho.

Zikapita siku kumi na moja tangu niandike ile lebo. Kila asubuhi nikipiga mswaki nilijua saa hiyo anakoroga. Kijiko kimoja. Nilijipa moyo kwa hesabu za kitoto, kwamba kijiko ni kidogo, kwamba alikwisha kula mwingi kabla sijajua na hivi vichache haviongezi kitu, kwamba labda mtaro siku zile haukuwa mbaya sana. Mtu anayejua kemia anaweza kujidanganya kuliko asiyejua, kwa sababu ana msamiati.

Siku ya kumi na mbili majibu yalitoka. Msimamizi aliniita kwenye kompyuta kunionyesha. Mstari wa Kigamboni ulikuwa umelala chini, wa ufukweni ukainuka kidogo, na ule wa mtaroni ukapanda ukaiacha mingine yote. Alifurahi sana, maskini. Ilikuwa kazi ya miaka yake kuonyesha wakubwa kwamba mitaro inaleta nini. Akanipiga begani. "Unaona? Mwani mzuri sana huu."

Nikaomba ruhusa nikaondoka. Nilitembea mpaka Upanga mchana wa jua kali, shati likanigandia mgongoni. Nilipanda ngazi. Mwalimu alifungua, akaniangalia, akasema nikae kwanza nipumue. Sikukaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama kati ya mlango na kabati la miungu: mtaro, mfuko mwekundu, chini ya kitanda, simu, mpira, na lebo. Lebo niliiweka mwisho. Nilijaribu kuipitia haraka.

Nilipomaliza alikwenda jikoni, akarudi na chupa. Ulikuwa umebaki unga wa vidole viwili. Akaiweka mezani kati yetu, akavaa miwani, akaisoma lebo upya kama hajawahi kuiona.

"Mara ya kwanza hukujua," alisema. "Hiyo naielewa. Watu hukosea. Lakini ulipoandika hapa ulikuwa unajua."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu."

"Aibu ni ya dakika moja." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Dakika moja, halafu tungekunywa chai. Wewe ukanipa siku kumi na moja."

Kumbe naye alikuwa anaweza kuhesabu. Akavuta droo ileile, akanipa karatasi nyingine na penseli. Sikuuliza niandike nini. Niliandika mahali penyewe, mtaro kwa jina lake, na mwezi, na jina langu. Akabandika juu ya ile ya zamani, akanipa chupa mkononi niirudishe pale nilipotakiwa kuirudisha tangu mwanzo.

Nilikuwa nageuka kuondoka aliposema, "Nani mwingine amekula?"

Mimi, siku zote hizo, nilikuwa namfikiria yeye. Nikasema kuna wateja wa Mama Mkubwa, wengine tunawajua nyumba, wengine ni wapita njia. Nikasema nitawatafuta.

"Na yeye mwenyewe?"

"Hapana, yeye anauza tu."

Mwalimu alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokosea jambo nililokwisha fundishwa. "Nilipokuwa nakuja mwenyewe," alisema, "alikuwa anaonja kwanza. Kila mara. Mbele ya kila mtu. Ndiyo maana nilimwamini."

Njia ya kutoka Upanga kwenda Kariakoo naijua nikiwa nimefumba macho. Siku ile sikumbuki hata nilivyovuka barabara. Nakumbuka Mnazi Mmoja tu, watu wamelala nyasini kivulini, na mimi napiga hesabu ambayo sikuwahi kuipiga: kila mteja, ncha ya kijiko. Kila kifurushi cha kijani kilichotoka kwenye meza ile, kwa mtu yeyote, yeye alikuwa ametangulia. Mimi ndiye niliyekuwa namtania habari ya sumu ya panya.

Nilimkuta barazani anapepeta mdalasini. Hapakuwa na mteja. Kando ya mizani palikuwa na kikopo cha kahawa, nikakifungua bila kuomba. Kijani.

"Nilibakiza kidogo kabla hujatupa," alisema kwa haraka, kama mtoto aliyekamatwa. "Nikauanika tena juani, kuvu imekwisha. Siuzi. Ni wangu mwenyewe. Magoti, mwanangu, tangu nianze huu hayaniumi."

Nikakaa chini kwenye kigoda chake cha wateja na kumwambia. Kwa Mama Mkubwa ilibidi niseme kwa maneno ya kawaida, bila risasi wala mashine. Nilimwambia mwani ule unakaa penye maji machafu na kuyanywa, na sisi tunaupima ili tujue uchafu ni wa kiasi gani. Tunapouita mzuri tuna maana umeshiba uchafu. Tunaposema unavuta, unavuta huo.

Aliendelea kupepeta muda mrefu, na maganda yakaangukia miguuni. Hakuniuliza kama atakufa. Hakuuliza habari zake kabisa. Alisema, "Nilimpa mama mmoja mwenye mimba. Aliniambia anaishiwa nguvu." Kisha akaweka ungo chini. "Lakini ulisema mzuri."

"Nilisema."

"Ukasema unavuta balaa."

"Nilisema, mama."

Akatikisa kichwa, na nilichokiona usoni si hasira. Aliona haya, yeye, kwa ajili ya neno langu. Mkulima wa mwani, aliyekaa majini ujana wake wote, alikuwa amejua tangu mwanzo kwamba majani yale ni ya kutupa, akaacha kujua kwa sababu mimi nimesoma.

Tuliwatafuta. Kwa wiki mbili alisimamisha kila uso aliokuwa anaukumbuka, na mimi nilibandika karatasi pale barazani, kwa herufi kubwa, inayoomba mwani wa kijani urudishwe. Baadhi walirudisha, wengine walicheka na kusema walishaumaliza na wako salama. Yule mama mwenye mimba hakupita tena. Kariakoo ndivyo ilivyo, mtu ananunua leo na miaka miwili hapiti mtaa ule. Mpaka leo nikiona mwanamke amebeba mtoto mdogo karibu na meza yetu naangalia, nikijua sina hata cha kumtambulia.

Mwalimu na Mama Mkubwa nilikwenda nao hospitali wote wawili, siku moja, wamekaa kwenye benchi wameshikana mikono na mimi nimesimama na mafaili. Walipimwa damu. Daktari alisema kuna dalili kidogo, si za kutisha, na kwamba mwili wenyewe utapunguza polepole, na hakuna anayeweza kuahidi zaidi. Siku hizi mkono wa kulia wa Mwalimu unatetemeka anapomimina chai. Huenda ni umri. Yeye mwenyewe anasema, "Hatujui," kwa sauti ileile ya darasani, na ananipa kikombe changu. Kwa msimamizi nilisema pia. Akanisimamisha kazi mwezi mmoja, akanirudisha, na mabaki sasa yanaandikwa mpaka punje ya mwisho.

Mama Mkubwa hauzi mwani tena, hata ule wa kwao. Niliupeleka maabara wenyewe, mfuko wa kahawia, tukauingiza kwenye mashine, ukawa mkimya kabisa, hauna kitu. Nikamletea habari hiyo kwa furaha. Alisikiliza hadi mwisho kisha akauliza, "Ukisema hauna kitu, ni kwa lugha yenu au kwa lugha yetu?" Nikamweleza. Akaitikia kwa adabu, akaurudisha kabatini.

Vingine bado anauza, na bado anaonja. Lakini nikiwepo, akishachota unga kwa ncha ya kijiko, haupeleki mdomoni mwake. Ananisogezea mimi kwanza. Naonja, nameza, anasubiri kidogo akiniangalia, ndipo anaonja yeye na kufunga gazeti. Hatujawahi kulizungumza. Wateja wanadhani ndiyo desturi ya kwetu.